Karatasi za Bruno

Diani,
3 Aprili 1964

Kwa kaka yangu mpendwa, Tanga.

Shikamoo kaka. Nakujulia hali, wewe na shemeji na watoto wote, na yule mdogo aliyekuwa akikohoa ulipoondoka huku. Sisi tunashukuru Mungu, chakula kipo na mvua zimeanza kunukia. Mwili wangu ni mzima. Moyo sitausemea hapa juu, utauona mwenyewe ukiendelea kusoma. Nakuomba usome peke yako, na usiikunje barua hii kabla hujafika mwisho.

Barua yako uliyompa dereva wa lori imenifikia. Nimesoma kwamba utavuka mpaka wa Lunga Lunga kabla ya Idi ya kuchinja, umchukue Bi Kadzo umpeleke Kinango kwa mganga akale kiapo, kwa kuwa watu wamekuhakikishia ndiye aliyemtupia shetani mwanao Kibibi, uliyeniachia nimlee. Barua yako nimeisoma mara nne. Bi Kadzo si mama yetu mzazi, lakini ndiye aliyetulea mama alipokufa, na Kibibi alilala kwenye mkeka wake zaidi ya kwangu. Sasa hata majirani wanaoomba moto kila nyumba wanairuka nyumba yake. Kwa hiyo lazima nikueleze mambo tangu mwanzo, na mwanzo wenyewe ni mbwa.

Wajua nilivyokuwa nikitaniwa huku, Athmani wa mbwa. Mtu anayeswali, kazi yake kumchania mbwa nywele. Ukweli ni kwamba nilimpenda Bruno, na niliona haya kumpenda. Akinilamba nilikwenda nyuma ya jiko nikajiosha mara saba, moja kwa mchanga, kama tulivyofundishwa chuoni, kisha nikarudi kwake. Yule Memsahibu, Mzungu mwenye mbwa niliyemfanyia kazi, hakuwa na mtu. Mumewe amezikwa Mombasa, watoto hakujaaliwa. Ilipotangazwa kwamba uhuru ni Desemba, aliamua kurudi kwao, lakini alisema bila Bruno haendi.

Hapo ndipo tulipoanza kucheka. Kumbe mbwa kuingia Uingereza ni kazi kuliko mtu kwenda Maka. Ilitakiwa barua ya ruhusa ya serikali ya huko. Ilitakiwa achomwe sindano ya kichaa cha mbwa. Ilitakiwa sanduku la mbao la kumtosha kusimama na kugeuka, na fundi Mwinga alimpima Bruno kwa kamba kutoka pua mpaka mkia huku akiniuliza kama na shati amshonee. Akifika huko angefungwa karantini miezi sita, hata mwenyewe asimguse ila kwa ruhusa. Mimi na Mwinga tulisema hawa watu wamezidi, kumfunga mbwa asiye na kosa. Lakini karatasi kubwa kuliko zote ilikuwa ya daktari wa mifugo, ya kushuhudia kwamba kwa miezi sita mbwa hajang'atwa wala hajakaribiana na mnyama mgonjwa. Kwa sababu hiyo Memsahibu aliniamrisha nisimtoe nje, na lango lifungwe kwa kufuli wakati wote.

Bruno na Memsahibu waliondoka Kilindini kwa meli mwanzo wa Novemba. Memsahibu alilia, nami nililia, na watu wa bandarini walitutazama.

Yaliyofuata unayajua. Kibibi aliimba na wenzake wa shule siku ya bendera ya uhuru, na wiki hiyo hiyo akaanza kusema mguu unamwasha. Kisha homa, kisha akawa hawezi kuonyeshwa kikombe cha maji bila kutetemeka mwili mzima. Watu wakasema ni pepo. Bi Kadzo ndiye aliyekuwa akimpa maji, basi wakasema anamwogopa yeye. Tulimpeleka hospitali siku ya tatu, na siku ya tano tulikuwa tunarudi naye amefunikwa. Wewe ulifika kwenye hitima ya arobaini, katikati ya Ramadhani. Ulifuturu nyumbani kwangu, ukanishika mkono mbele ya wazee ukanishukuru kwa kumtunza mwanao. Kaka, tangu siku hiyo sijala futari wala chakula kikanipita vizuri.

Wiki mbili zilizopita ilikuja barua kutoka Uingereza. Memsahibu ameandika kwa Kiswahili chake kile kile cha jikoni, nami nimekielewa chote. Bruno alipatwa na kichaa akiwa ndani ya karantini, akafa mwezi wa Januari. Madaktari wamesema ugonjwa aliutoa huku. Ananiuliza kama aliwahi kuumwa na mbwa mwingine, na kama yupo mtu aliyeumwa basi nimkimbize hospitali siku hiyo hiyo, nisingoje.

Sasa nasema nilichokuwa nikikizunguka. Ilikuwa Ijumaa moja mwanzo wa Oktoba. Nilichelewa swala, nikatoka mbio na lango nikaliacha bila kufuli. Memsahibu alikuwa amekwenda mjini, na Kibibi nilimwacha uani kwake amwangalie Bruno. Akaingia mbwa koko, mate yanamtiririka, akamvamia Bruno na kumng'ata. Mwanao hakukimbia. Alichukua ufagio akawaamua, na yule koko akamuuma kwenye shavu la mguu kabla hajatoka. Niliporudi nilimkuta ameketi chini amemkumbatia mbwa. Nikachota mchanga na maji, nikamwosha Kibibi mara saba, kisha nikamwosha Bruno. Najisi ilitoka, nikaona nimemaliza. Kilichobaki moyoni mwangu kilikuwa ile karatasi tu. Nikamwambia Kibibi asimwambie mtu, hata Bi Kadzo, kwa sababu Bruno atanyimwa meli na atapigwa risasi.

Baada ya siku nne daktari wa mifugo alikuja. Aliniuliza kwa upole kama mbwa ameumwa, na akanieleza kabisa kwamba kama ameumwa, au mtu ameumwa, dawa ya mtu ipo, ni sindano za tumboni, lakini ziwahiwe. Kibibi alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema hajaumwa, wala hakuna mtu. Akatia sahihi. Na hospitalini, daktari alipouliza kama mtoto aliwahi kuumwa na mnyama, nilisema la. Kibibi alikuwa bado na akili zake. Alinitazama, akanyamaza. Alidhani bado tunamlinda Bruno.

Mtoto hakutupiwa shetani, kaka. Alikufa kwa neno langu. Wale niliowacheka kwa kumfunga mbwa ndio waliokuwa na akili.

Juzi nilikwenda kwa Bi Kadzo nikamwambia yote haya, kabla ya kukuandikia wewe. Alikuwa anapepeta mchele na hakuacha kupepeta. Alisema alama za meno aliziona siku ile alipomwosha Kibibi amvishe sanda, na alijua mbwa alikuwa nyumba ya nani. Nikamwuliza kwa nini basi amekaa kimya miezi yote hii akiitwa mchawi. Akasema mimi pia ni mwanawe, na alikuwa ananingoja niseme mwenyewe.

Njoo kabla ya Idi kama ulivyopanga, lakini njoo kwangu. Nimekwisha kumwambia mzee wa mtaa, na Ijumaa hii baada ya swala nitasimama niwaambie watu wote, ili wamrudie Bi Kadzo. Wewe utakaloamua juu yangu nitalipokea, hata kama ni kutoniita ndugu tena.

Nisalimie shemeji na watoto. Bi Kadzo anakusalimu sana, na amesema ukifika ushukie kwake kwanza, upumzike na ule.

Ni mimi nduguyo,
Athmani bin Salimu