Masika wa Nani?

Mpendwa dada Masika,

Muhula uliopita mhadhiri alituuliza kwa nini tulichagua kusomea usimamizi wa huduma za afya. Wenzangu walijibu vizuri, mmoja hata akamtaja Mungu. Mimi nikasema napenda kupanga foleni. Darasa lilicheka, mhadhiri akaona namfanyia dharau, nami sikujisumbua kumweleza. Wewe unajua, ndiyo maana nakuandikia.

Hospitali yetu pale Nyakiyumbu ilikuwa nyuma ya jiko, kando ya mkeka wa kahawa. Daktari ulikuwa wewe, wala hatukupiga kura. Wagonjwa walikuwa watoto wa jirani, na wakikosekana ulitibu mbuzi. Mimi uliniweka mlangoni. "Biira, usiingize watu ovyo." Nilinuna kweli! Nilitaka kudunga sindano, unanifanya askari. Lakini kazi niliifanya. Nilijua nani kaja kwanza na nani anajisingizia kuumwa ili apewe ndizi mbivu tuliyoiita dawa.

Tulipokwenda na mama kuuza maharage sokoni Mpondwe, wanunuzi wa Kongo walikuwa wakipaza sauti, "Masika, kuya hapa!" na nusu ya wasichana wa soko wanageuka. Wewe hukugeuka. Ulinifundisha kwamba mtu wa kwetu mwenye adabu hangoji jina, anangoja kinachofuata: Masika wa nani? Wageni hushangaa. Kwetu Wakonzo, Masika ni nafasi: msichana wa kwanza kwa mama yake. Wa pili ni Biira, apende asipende. Nyumba zote za mlimani zina Masika wao, na jina tupu halimwiti mtu.

Sasa nitasema lile jambo kama tunavyofundishwa kuandika taarifa, nani, wapi, nini kilitokea, bila kuongeza chumvi.

Ulikuwa na malaria kali na damu imepungua. Kituo cha afya cha Bwera tulichokupeleka hakikuwa na damu, ikaamuliwa upelekwe Kasese. Mama alitoka kununua maji. Muuguzi wa zamu alikuwa mke wa mwanajeshi, mtu wa mbali, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Alisimama mlangoni akaita, "Masika! Wa Kasese! Gari inangoja, haraka!" Wewe ulisikia. Najua ulisikia, maana ulinitazama. Tulikuwa tunangoja amalizie. Upande wa pili wa wodi kulikuwa na Masika mwingine, amevunjika mguu. Mjomba wake akambeba, wakapanda, gari likaondoka.

Mama aliporudi, watu wa getini walimwambia Masika ameshachukuliwa. Alipiga magoti pale pale vumbini akamshukuru Mungu, akapanda boda kulifuata gari. Huko Kasese aliuliza Masika yuko wapi, wakamwonyesha kitanda. Akamkuta mtoto wa mtu mwingine. Wakati huo mimi nilikuwa nimekushika mkono Bwera, na gari liliporudi kukuchukua halikuwa na kazi tena.

Yule muuguzi simlaumu. Aliita jina, na jina likaitikiwa. Masika yule naye ni mzima, anauza vitenge mpakani, na akimwona mama humwamkia kwa heshima. Mama huitikia. Anachokataa ni kitu kingine. Baada ya msiba, watu kwa huruma yao waliacha kumwita Mama Masika, wakaanza kumwita Mama Biira. Hakumgombeza yeyote. Hageuki tu. Unaweza kumwita Mama Biira mpaka koo likauke, ataendelea kupepeta maharage yake.

Mimi nimebaki Biira. Umeondoka na bado mimi ni wa pili, kwetu hakuna kupandishwa cheo. Chuoni kila Mkonzo mgeni huniuliza dada yangu yuko wapi. Zamani nilikuwa najibu kwa kirefu, sasa nasema hayupo, naendelea na masomo yangu: kupanga zamu za wafanyakazi, kutunza bohari ya dawa, kupokea wagonjwa. Mhadhiri anataka tuwaite wateja. Nimeandika wateja kwenye mtihani, nikafaulu, basi.

Nilipokuwa mwaka wa pili, mama alianguka kwenye kahawa. Presha. Jirani mmoja aliyesomea uuguzi alimpima akanivuta pembeni, akasema kama mama hataanza dawa, safari ijayo hatainuka. Nikamwambia mama twende hospitali. Unamjua akikasirika: anaacha Kikonzo anashika Kiswahili cha sokoni, ili ujue biashara imekwisha.

"Mie siendi kule. Kule banaita jina, jina inaenda na mutu mwingine."

Nilimbembeleza, nikaleta mchungaji, nikanuna. Wapi! Alikunywa majani yake akavimba miguu. Niliogopa, dada. Mimi si mtu wa kulia na sikulia, ila nilikuwa naamka asubuhi nasikiliza kwanza kama anakohoa.

Mafunzo ya kazi nilipangiwa hospitali ya huku huku kwetu, mapokezi. Asubuhi ya kwanza niliita Biira, wakasimama wanawake wengi hata mimi nikataka kuitika. Msimamizi wetu ni mwanajeshi mstaafu, sote tunamwita Afande. Nilimweleza shida akasema dawa yake ni namba. Tukagawa namba. Bibi mmoja aliyevaa gomesi ya kijani aliitwa tatu akagoma kuinuka. Alisema yeye ni Masika, wa kwanza kwa mama yake, na huyo anayemfanya wa tatu ana ugomvi gani na ukoo wao? Benchi zima likamuunga mkono. Afande alijikuna kichwa, akaniuliza nyumbani watu wanaitwaje. Nikamwambia: jina, mtoto wa nani, wa wapi, na mwitaji hamruhusu mtu kupita mpaka huyo mtu mwenyewe ayarudie yote kwa mdomo wake. Alisema hiyo itatuchelewesha.

"Inachelewesha, Afande," nikasema. "Lakini inafika."

Hakuniuliza zaidi. Alisema tujaribu. Tulichelewa kweli siku za mwanzo, na wauguzi wakaninunia, kisha wakazoea.

Nilimsimulia mama habari hizi huku namenya mihogo, kama vile hazimhusu. Aliendelea kuosha masufuria. Mwishoni akauliza, "Nani anaita?" Nikasema mimi. Akaguna, akageuza mazungumzo tukaongea habari za kuku.

Wiki iliyofuata nilimwona ameketi benchi la mwisho, karibu kabisa na njia ya kutokea, kitambaa kichwani, mkoba mapajani kama mtu anayepita tu. Sikumfuata. Nilijua nikimfuata ataondoka. Niliita waliomtangulia mmoja mmoja, kila mmoja akajitaja, na kila alipoinuka mtu nilimwona mama anasikiliza.

Zamu yake ikafika. Kadi ilikuwa mkononi na jina lake la ubatizo limeandikwa vizuri, lakini nani kwetu humwita mama yake kwa jina hilo? Mdomo ulishajiandaa kusema Mama Biira, kama dunia nzima inavyosema. Sauti ikakataa. Nikaita mbele ya ukumbi wote, "Mama Masika. Wa Nyakiyumbu, chini ya kanisa."

Dada, nilikuwa sijalitamka jina lako kwa sauti kubwa namna ile tangu tukuzike. Watu wa kijijini kwetu waliokuwamo waliinamisha macho. Mama hakutikisika. Nikadhani nimeharibu, sasa atainuka aende zake na hatarudi tena.

Akainuka. Alipanga kitambaa chake, akanitazama moja kwa moja, akarudia kama walivyorudia wengine, polepole, neno kwa neno.

"Mama Masika. Wa Nyakiyumbu, chini ya kanisa. Iko hapa."

Kisha akapita mbele yangu akaingia kwa daktari.

Anakunywa dawa. Miguu imeshuka. Wewe pumzika huko uliko, mimi niache nirudi kwenye benchi, watu wamejaa.

Mdogo wako, ambaye bado ni wa pili,
Biira