Mashine uliyotutumia na jina la arobaini na moja

Kikula, Likasi
Tarehe 5 Julai 1998

Mpendwa shemeji Séraphin,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani kwa kaka yako. Hamjambo huko Johannesburg? Mguu wa Daniella umepona, au bado anachechemea? Sisi hapa tunaamka na baridi, mchana tunameza vumbi la kiangazi, tunakohoa kidogo na tunamshukuru Mungu. Mama yenu Mwadi ni mzima kabisa. Bado anagombana na kila anayemgusia mbuzi wake.

Leo naandika mimi, Simone, wala si kaka yako. Iko sababu, utaiona mwishoni.

Printa na kompyuta yake vilifika salama. Dereva François alivifungia ndani ya godoro, hata kioo hakikupata mkwaruzo. Tulishangilia siku mbili. Lakini zile katriji za wino zilikwisha upesi, na hapa mjini ukimwonyesha mfanyabiashara katriji anakuuliza kama ni betri ya redio. Kaka yako akasema yeye hashindwi. Unamjua. Aliniomba chupa tupu ya seromu, ile ya kioo tunayowatundikia wagonjwa zahanati, akamimina humo wino mwingi uliotutumia, akaifunga kwa kizibo chake cha mpira na kupitisha mrija mpaka ndani ya katriji. Chupa ikakaa mezani pembeni ya mashine, nayo mashine ikawa inanyonya yenyewe. Majirani walikuja kutazama kama tumeleta bibi harusi.

Sasa sikia shida. Mwezi wa tano Jessy alirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na yuko darasa la sita, mwaka wa mtihani. Tangu kiwanda kinyamaze, kaka yako hana mshahara wa kumtolea. Bwana Hilaire, mkuu wa shule, alisikia habari za mashine, akaja kuiona. Akasema tukimchapia mitihani ya shule nzima kabla ya tarehe ishirini na mbili Juni, Jessy atakaa kwenye mtihani pamoja na wenzake, na ada haitadaiwa tena. Tusipoweza, atarudia mwaka, kama mwaka huo utapatikana. Alituachia karatasi za kutosha mitihani tu. Majaribio tulifanya nyuma ya makaratasi ya zamani.

Kwa majaribio kaka yako alichagua orodha ya darasa la sita, kwa kuwa inajaa mpaka chini. Majina arobaini na moja, kwa alfabeti. La mwisho ni Yumba Jessy.

Shemeji, wino ulianza mweusi kama chungu. Kwa Kasongo, vizuri. Kwa Mutombo ukawa kijivu. Kwa Tshibangu mistari myeupe ikaanza kupita katikati ya herufi. Na namba arobaini na moja, hakuna kitu. Karatasi nyeupe. Mara nane alijaribu, na mara nane mtoto wangu hakuwemo.

Aliinua chupa juu ya kabati: wino ukadondoka juu ya kitambaa changu cha meza, kile cha harusi. Akaishusha chini sakafuni: mashine ikakauka kabisa. Akairudisha mezani. Akauchuja wino kwa kitambaa changu cha kichwa, bila kuniuliza. Akasafisha vitundu vya kichwa cha mashine kwa spiriti ya zahanati. Akalaumu baridi, akaianika chupa juani. Akalaumu umeme wa bwawa la Mwadingusha. Mama akaja na mafuta ya maombi, nikambembeleza aiombee kwa mbali. Na jambo moja lilitushangaza sote: kila alipochomoa kizibo kuchungulia wino, kisha akafunga na kuanza upya, mashine iliandika vizuri, halafu ikafa tena.

"Iko inaniogopa," akasema. "Nikiiangaria, inatumika muzuri."

Siku ya nne uvumilivu ulimwisha. "Séraphin alitutumia kintu ya kufwa!" Akakaa, akakuandikia barua. Ukurasa mmoja, lakini alibonyeza kalamu mpaka meza ikaandikika. Akanipa nimpe François. Nikaitia katika mkoba, nikaenda kazini.

Siku hiyo zahanati nilikuwa namtundikia mzee mmoja seromu. Chupa ya kioo huchomwa sindano mbili: moja ya kushusha maji, nyingine ya kuingiza hewa. Bila ile ya pili, matone machache tu, maji yanasimama. Miaka kumi na tano mkono wangu unafanya hivyo bila kuniuliza. Siku hiyo nikasimama natazama viputo vinapanda. Nikajiuliza: na ile chupa ya nyumbani, je?

Nilifika nyumbani, hata viatu sijavua, nikamwuliza: "Baba Jessy, na mupepo iko inapitia wapi?"

"Mupepo ya nini? Niliifunga muzuri, juu ya vumbi isiingie."

Nikamtazama. Naye akanitazama. Mtu aliyepima shinikizo la hewa ndani ya mabomba ya kiwanda miaka kumi na tisa!

"Minye njo muntu ya pression, Simone," akasema polepole.

"Weye njo muntu ya pression," nikamjibu, "minye njo muntu ya sindano."

Nikachoma sindano kwenye mpira wa kizibo, nikaweka pamba juu yake kuzuia vumbi. Chupa ikavuta pumzi, ssss, tukaisikia wote wawili. Akanyoosha mkono kutaka karatasi ya kujaribia. Makaratasi ya zamani yalikuwa yamekwisha. Nikafungua mkoba, nikampa karatasi iliyokuwamo, upande mweupe juu. Hakuigeuza.

Mutombo, mweusi. Tshibangu, mweusi. Na chini kabisa, arobaini na moja, Yumba Jessy, mweusi ti! Nilikaa sakafuni nikalia, shemeji, sikuona aibu.

Mitihani yote ilitoka siku mbili kabla ya tarehe. Jessy alikatazwa kuingia chumbani humo, akawa anasoma habari kwenye uso wa baba yake. Juzi matokeo yalitoka: amefaulu, wa tano kati ya arobaini na moja.

Wasalimie Daniella na watoto, na Isidore mkimwona kanisani. Mama anakubariki, na anaomba miwani. Mungu azidi kuwafungulia pale mlipofungiwa.

Ile karatasi naifunga humu. Kaka yako anadhani barua yake uliipata zamani. Kila lori la François likipiga honi, anaingia chooni. Mwandikie, umtulize. Nawe ukiifungua, anza na upande wa majina, usome mpaka la mwisho. Ukifika hapo, kama bado unataka kugeuza, geuza.

Ni mimi shemeji yako akupendaye,
Simone, Mama Jessy