Mume Wangu Ameuza Miundu Yetu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na nikichanganya mambo unisamehe, maana haya nimeyaweka moyoni muda mrefu. Mimi na mume wangu ni wakulima wa mpunga, watoto wetu wameshaondoka, na tangu tuoane tulikuwa tunavuna kwa mundu, yeye na wake mimi na wangu, tunaingia jarubani umande haujakauka, kila mtu na mstari wake, na kwa kuwa yeye ana mkono mwepesi alikuwa akimaliza wake anageuka anakata wangu kutoka upande wa pili mpaka tunakutana, na hapo ndipo alipokuwa akinisimulia mambo, maana nyumbani mume wangu si msemaji, lakini akiinama na mundu maneno yanamtoka, hata mama yake alipofariki alinililia pale kwenye mpunga, si chumbani.

Sasa misimu ya karibuni amekuwa akikodi mashine. Inaingia, inanguruma, hatujamaliza chai jaruba limeshakuwa jeupe na mpunga uko kwenye magunia. Sitasema uongo, magunia nayafurahia. Lakini mimi nabaki nimesimama kwenye tuta kama mgeni aliyekosea nyumba, yeye yuko na dereva, na jioni tunakula kimya.

Msimu huu nikasema basi, nitakata hata kidogo. Nikaenda stoo kuchukua mundu wangu, sikuukuta. Nikamuuliza.

“Nimemuuzia mtu wa vyuma chakavu,” akasema. “Wako na wangu.”

“Bila kuniuliza?”

“Ungekataa.”

Nikatoka, nikaazima wa wifi yangu, nikaingia jarubani mbele ya mashine nikaanza kukata. Dereva akazima, vibarua wa kubeba magunia wakacheka. Mume wangu akaja akanishika mkono akasema kwa sauti ya chini, “Toka, mama watoto, unaniaibisha.” Nikamwambia kama ameniona nimezeeka aseme. Akaniachia mkono, akasema, “Mgongo wangu haukunjiki tena. Ulitaka nikae kwenye tuta nikutazame ukikata peke yako?” Akaondoka zake.

Tangu siku hiyo tunasalimiana kama wapangaji. Je, nimdai mundu wangu, au nimwombe jaruba moja tu la kuvuna kwa mkono, au niyaache? Zile siku nazitamani mpaka viganja vinaniwasha.

Mke wa Mkulima

*

Mke wa Mkulima, marahaba.

Nianze na mumeo, kwa sababu amekosea. Mundu wako haukuwa wake kuuza, na anapaswa kukuomba radhi. Akibisha, mpe gazeti hili alisome mwenyewe.

Sasa wewe. Mwanamume msiri kama huyo amekutolea siri yake ukiwa na mundu mkononi, nawe unaniuliza habari za chuma. Hujamuuliza ameanza kuumwa lini. Hujamuuliza kama ameonana na daktari. Mashine aliileta ili usimwone akishindwa, mama, na miundu aliiuza kwa sababu hakuweza kuiangalia. Ulipoingia mbele ya watu na ule wa kuazima, ulimgusa pale pale panapouma, ingawa hukujua.

Zile siku hazitarudi zilivyokuwa. Nimekulia kwenye mpunga, najua harufu ya mabua yaliyokatwa asubuhi, na msimu ukifika huwa naitafuta hata huku ofisini. Kwa hiyo sikukatazi kulia. Nakukataza kununa.

Wiki hii nenda naye hospitali, na uingie naye kwa daktari, maana akiwa peke yake atasema hajambo. Jaruba usimwombe. Mashine haifiki kwenye kona, mpunga wa pale huachwa umesimama. Mwambie dereva kona zote ni zako. Nunua mundu mpya sokoni, uchague mwenyewe mpini unaokukaa, ukate taratibu, naye akae karibu yako afunge miganda. Hiyo ni kazi ya kukaa, na mikono yake ni mizima. Asiposema kitu, anza wewe.

Lakini hayo ya kona ni ya mavuno yajayo. Leo, ukishaweka gazeti chini, mwambie umemkumbuka. Yumo humo humo ndani ya nyumba, na hajui.