Tulienda Mugunga kutosha hewa mu radiateri

Alhamisi, jioni. Mawingu tangu asubuhi. Mvua ilinyesha kidogo ikaacha, na upepo haiko hata wa kutikisa jani la mugomba. Ningetazama ile hali ya hewa mbele ya kutoka. Sikutazama.

Rafiki yangu Bauma amelala ku sentre ya afya, na mi niko huku kwangu Majengo, naandika na kidole kimoja. Ni namna yangu siku zote, lakini leo kidole inakosa herufi.

Wale munasomaka ukurasa wangu hapa munanijua. Sikusoma sana, nilifika darasa ya tatu ya primeri, basi. Lakini moteri! Nilibebaka samaki toka Vitshumbi mpaka Goma, barabara ikiwa matope matupu, na hata siku moja samaki haikuoza mikononi mwangu. Moteri ikikohoa Rumangabo, mi nikiwa huku najua ugonjwa wake. Mu Majengo yote hakuna mutu wa kunifundisha gari.

Ndiyo kitu ilituponza.

Wiki hii, mi na Bauma tulibadilisha pompi ya maji ya kamionete yangu. Bauma ni mutu wa Masisi, mupole, anakaza bulo polepole kama mutu anamufunga mutoto vifungo. Tangu tubadilishe, mushale wa joto unapanda tu. Na shofaje, ile inapuliza joto ndani ya gari, inatoa baridi. Moteri inaungua na shofaje inatoa baridi: pale haina maneno mingi, hewa imefungwa ndani, inazuia maji kupita. Ni lazima uitoshe, uitoe nje yote. Unainua pua ya gari. Unafungua kifuniko cha radiateri wakati moteri ingali baridi, halafu unawasha, unafungua shofaje mpaka mwisho, unafinyafinya mupira wa juu, ule unapitisha maji. Hewa inatoka bufu, bufu, maji inashuka, unaongeza. Ni kazi ya uvumilivu.

Bauma alitaka tuifanye hapa hapa mu parseli yangu, mu kiwanja cha nyumba. "Muzee, tupange mawe, tupandishe magurudumu ya mbele, mara moja tumemaliza."

Nikamucheka. "Mawe ni ya wale wanajifunza kazi. Mi nataka mutelemuko wa Mungu."

Goma yote ni mawe. Tunajenga juu ya mawe ya volkano, tunazungusha parseli na mawe, watoto wanacheza na mawe. Na mi nikakataa mawe.

Nikatupeleka karibu ya Mugunga, pahali najua. Kuna shimo kubwa mu mawe ya zamani, kando yake inashuka vizuri. Tulienda tukisimama kila mara ule mushale ukipanda sana. Tulipofika nikaacha moteri ipoe, nikarudisha gari kinyumanyuma, mukia ukaangalia shimo, pua ikawa juu. Nikakaza breki, nikatia gogo nyuma ya gurudumu.

Bauma akatazama chini. Majani ya mule ilikuwa imekauka, na ndege mudogo alikuwa amelala pale, miguu juu.

"Papa Paluku, hii haiko mazuku?"

Kwa wale hawajue: mazuku ni hewa mubaya inatokaka mu udongo wetu huku. Inajaa mu mashimo kama maji, lakini huioni. Mbuzi akishuka, hapandi tena. Siku ya jua na upepo inatawanyika. Siku ya mawingu inalala pale pale, inangoja.

Na mi nilijua. Nilijua mbele ya Bauma kufungua mudomo. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema ni pahali pazuri.

"Ile ndege, paka aliiua," nikamwambia. "Leta maji."

Tukaanza. Moteri ikanguruma, nikafinya mupira, hewa ikatoka bufu, bufu, bufu. Bauma akacheka, akasahau woga wake, akaongeza maji. Nilikuwa nashika kifuniko mukono wa kushoto na kufinya na wa kuume, juu ya kumuonyesha namna mafundi wa zamani walifanyaka. Halafu maji ya moto ikaruka, ikanichoma vidole. Kifuniko kikaniponyoka, kikapita chini ya gari, kikajiviringa mpaka mu shimo.

Bauma akashuka kukifuata.

Ningemuita. Ilikuwa neno moja tu, "rudi". Nilichomwambia ni hivi: "Fanya haraka, maji inamwagika!"

Akainama. Akapapasa mu majani. Akapiga magoti.

"Bauma! Unasali rosari?"

Akalala.

Nilicheka tena kidogo. Naandika hii juu ni kweli. Nilidhani ananichezea, juu ya ule mzaha wangu wa paka. Nikangoja ainue kichwa. Nikatazama mugongo wake, na sikuona kama unapanda na kushuka.

Pale miguu yangu ikaanza kwenda yenyewe. Sauti ya mwanamuke ikanikamata nyuma: "Usishuke! Muzee, usishuke! Ni mazuku!" Alikuwa mama mumoja wa kuuza makala, yale makaa ya kupikia, anapita na gunia ku mugongo, ile kamba ya kubebea imepita ku paji la uso. Nikamwambia aniache, mi nimezaliwa mbele yake.

"Basi utakufa mbele yangu vilevile!" akanijibu.

Akatupa gunia, akafungua kamba, akanipa. Akaniambia nitembee wima, nisivute pumuzi chini, nimupitishe Bauma kamba mu makwapa, nirudi, tutavuta wawili. Mutu anaanguka mule, wa pili anamufuata, wa tatu pia: amekwisha kuona vile. Hakupiga kelele tena. Alisema kama mutu anaonyesha njia ya soko.

Nikajaza kifua, nikashuka.

Mara ya kwanza nilishindwa. Nilifika, nikainama, mukono wa Bauma ukawa muzito kama si wa mutu, kamba ikakataa kupita. Kifua kikataka kupasuka. Nikavuta pumuzi kidogo tu, na pua ikauma kama soda inakupandia puani, macho ikatoa machozi, mawe ikaanza kuzunguka. Sijui namna nilipanda. Najua yule mama alinikamata koti.

Nikavuta pumuzi ya juu. Moja, mbili, sijui ngapi. Nyuma yetu gari ilikuwa inalia, moteri inachemka bila kifuniko, mvuke inatoka kama chungu kimesahauliwa ku moto.

"Muzee, gari yako inaungua!"

"Iungue!"

Nikashuka tena. Safari hii nilifunga macho, nikafanya na vidole tu. Kwapa moja. Kwapa ya pili. Nikafunga fundo, nikapanda, tukavuta. Yule mama ana nguvu kunishinda, na sitamwambia mutu mwingine ile. Bauma akaja akiburuzika juu ya mawe, shati ikapasuka, mugongo ukatoka damu. Tukamulaza juu, pahali pazuri. Mama akavua kitenge ya juu, akampepea uso, akampepea. Mi nilikuwa nasema jina lake tu, hakuna kingine.

Ikapita muda. Mu ule muda nilikuwa muzee kweli.

Halafu akavuta pumuzi kama musumeno mu mbao mubichi. Akakohoa. Akafungua macho, akasema, "Nimelala?"

Gari ilikuwa imejizima yenyewe. Sikuikaribia. Yule mama akasimamisha pikipiki ya kupita, ikatubeba, Bauma mu katikati, mi nyuma nimemukumbatia asianguke. Ku sentre wakamutia oksijeni. Infirmiye, yule muuguzi, anasema moyo unapiga vizuri, lakini kichwa inamuuma na anarudia neno lile lile, watamwangalia mpaka kesho mbele ya kusema kitu.

Na sasa nafika pahali kidole yangu inakataa.

Mama Furaha, bibi ya Bauma, alikuja mbio, viatu mukononi. Watu walikuwa wamekwisha kumwambia mi ndiye nilimutosha mu shimo. Akashika mikono yangu yote mbili, mbele ya wagonjwa na wauguzi, akalia: "Aksanti, Papa Paluku. Umenirudishia baba ya watoto wangu. Mungu akupe miaka."

Watu wakapiga makofi. Mutu mumoja akasema, wazee kama hawa hawako tena.

Nikajibu nini? Nikajibu: "Ni kawaida, mama. Mi siogopaka."

Bauma alikuwa ananitazama toka ku kitanda, ile mupira ya oksijeni mu pua. Akageuza uso ku ukuta.

Mi napenda sifa, sitawadanganya. Mutu akinisifu nakula bila kuuliza nani alipika. Lakini hii ya leo ingali hapa ku koo, haishuki. Nimekunywa chai, nimekunywa maji, haishuki. Majirani wamekuja hapa kunipongeza, na nimewaambia hadithi mara mbili. Mara zote mbili nilianzia pale Bauma alianguka. Hata mara moja sikuanzia hapa mu parseli, pale alisema mawe.

Kesho asubuhi nitaenda ku sentre kwa miguu. Mama Furaha atakuwa pale mulangoni na chai ya bwana yake. Nitamwambia: alitaka mawe, nikamucheka, aliona ndege, nikamudanganya, akashuka, nikamuharakisha. Nitasema vyote mbele ya salamu. Juu nikianza na salamu, atanishukuru tena, na najijua, nitapokea.