Msasa wa Milango

Mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Mwaka na miezi minne! Hivi kutoka kwako hadi kwangu siku hizi kunavukwa kwa ndege? Basi ni moja tu, na ukishuka ni hatua chache, lakini umenisahau kama sufuria ya kuazima. Simu unapiga, kweli. Unaniuliza nimeamkaje, nakwambia nimeamka, unakata. Hiyo si salamu, hiyo ni kuangalia kama nimekufa.

Haya, zangu zipokee hata hivyo. Natumaini mwili hauna neno, unakula ukashiba, na kile kifua cha utotoni hakijarudi kwa hilo vumbi la saruji unaloshinda nalo. Mimi nipo. Goti la kushoto linalalamika nikipanda ngazi, nami nalijibu kwa kulitukana, tunakwenda hivyo hivyo. Anayeniandikia ni Karani, jirani wa chumba cha pili. Shule unajua sikuikanyaga. Hata namba nilijifunzia nyuma ya karatasi za msasa. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Tayari alishachomeka "kwa unyenyekevu mkubwa", nikamfanya afute.

Sasa habari. Wiki iliyopita paa lilivuja kwenye chumba ulichokuwa ukilala, nikavuta kitanda ili niweke ndoo. Chini yake nikakuta lile sanduku la gita lako, gita la kuunganisha mwenyewe, pamoja na ile karatasi ya maelekezo uliyokuwa ukiisoma kama barua ya mchumba. Maji hayakulifikia. Nikalifungua. Gita limelala vilevile ulivyoliacha, shingo umeshaigandisha, vanishi hata tone halijaonja. Nyuma laini, mbele laini, na karibu na ukingo wa juu, pale mkono wa mpigaji unapolala, lile doa jeupe la ukubwa wa kijiko.

Nilikaa kitandani nikalitazama doa lile mpaka ndoo ikajaa. Kesho yake nikalifunga gita kwenye shuka, nikalipeleka kwa fundi wa magita, yule mwenye karakana nyuma ya duka la viatu. Ndiye aliyekuahidi kazi ukimpelekea gita ulilolimaliza kwa mkono wako, na ndiye uliyemtumia ujumbe kwamba umeghairi, mikono yako si ya mbao, ukaenda zako kupanga mifuko ya saruji.

Yule mzee maneno hayamwishi. Aliniuliza kama nimekuja kujifunza gita au nimekuja kumposa. Nikamwambia kwa sura ile ningechagua gita. Akacheka, akalipokea, akalifuta lote kwa kitambaa chenye maji, maana mbao ikilowa haifichi kitu. Upande wa nyuma hakuona mkwaruzo hata mmoja. Akapitisha kiganja, akafumba macho, akapitisha tena, akaniuliza nani kapiga msasa huku. Nikamjibu ni mjukuu wangu, na ni gita lake la kwanza. Kwenye maungio ya shingo alikuta gundi imesambaa. Akasema hapo rangi haitashika, lazima ikwanguliwe kwanza. Lakini hakukasirika, akasema wanagenzi wote wanafanya hivyo, hata yeye alifanya.

Halafu akafika kwenye doa. Akanieleza mambo yaliyokuwemo kwenye ile karatasi yako, ambayo mimi ningeishika hata kichwa chini. Kumbe ile mbao nzuri ya mbele, yenye mawimbi, si mbao nzima. Ni utando tu, mwembamba kama ganda la kitunguu, umegandishwa juu ya mbao ya kawaida. Mbele panataka msasa laini na mkono wa kubembeleza. Ukikandamiza, utando unakwisha, mbao ya chini inachungulia.

Nikamuuliza kama panatibika. Akasema hilo halimsumbui hata kidogo, kingo zote zitatiwa rangi ya giza inayofifia kuelekea katikati, doa litamezwa humo. Kilichomsumbua ni kingine. Alileta taa akaniinamisha nione. Mikwaruzo ya pale kwenye doa imenyooka kama uzi, imefuata mbao inavyokwenda, imebonyezwa sawasawa kwa kibao kilichozungushiwa msasa. Akasema mwanagenzi anatoboa kwa ncha za vidole, anaacha vishimo vishimo. Aliyetoboa hapa kafanya kazi hii miaka mingi, tena kwa mbao nene. Akainua macho akaitazama mikono yangu. Nikaificha kwenye shuka. Nilimwachia gita na shuka langu, nikarudi nyumbani, na goti siku ile hata sikulisikia.

Mjukuu wangu, ni mimi.

Karani ameinua kalamu ananitazama. Nimemwambia aandike, anatazama nini.

Siku ile ulikwenda kununua vanishi. Asubuhi nzima nilikuwa nakuona unavyolipapasa gita kama paka mgonjwa, mikono ikawa inaniwasha. Miaka thelathini na moja nimepiga msasa milango ya watu, vitanda na makabati yao, nikasema ngoja nimsaidie huyu mtoto, tutafika lini. Nikachukua kibao changu na msasa wa milango, nikakandamiza kama ninavyojua. Doa likatokea. Nikadhani ni vumbi, nikalifuta, nikakandamiza tena, likakua. Hapo nikajua nimeharibu, ingawa sikujua nimeharibu nini. Nikakung'uta gauni langu, nikaenda kukata vitunguu.

Uliporudi ukaliona, ukasema ni wewe, labda ulizidisha asubuhi. Nami kisu mkononi, badala ya kusema kweli, nikakwambia mkono wako mzito, ndiyo hivyo.

Niliona aibu. Karakana yetu nzima ya useremala ilikuwa haitoi mlango mpaka mimi niupitishie kiganja, leo nishindwe na gita la sandukuni? Nilidhani utanuna siku mbili halafu uanze upya. Hukuanza. Ulisukuma sanduku chini ya kitanda, ukaenda na neno langu, ukaliamini kuliko mikono yako mwenyewe. Kila ulipopiga simu nilitaka kusema, nikasema nimeamka. Mkono wako haukuwa mzito hata siku moja. Mzito ulikuwa wangu. Nisamehe, mwanangu.

Jana nilirudi kwa fundi nikamwambia yote. Akasema alijua tangu aliponiona naficha mikono kwenye shuka, akanimiminia chai. Nafasi ya kazi bado ipo, lakini mwisho wa mwezi, unaoangukia Jumamosi, ikiwa bado tupu atamchukua mwingine. Anataka ulimalizie gita mbele yake, uanze na gundi. Mimi sitaligusa. Nikiwa karibu nitaikalia mikono yangu.

Msalimie mama yako, na umsalimie yule binti unayedhani sina habari zake. Karani anakusalimu, anasema mwandiko ukikushinda ni kwa sababu nilikuwa nampigia kelele.

Sasa sikiliza. Ukishuka kwenye basi usije kwangu kwanza. Nenda kwa fundi kabla ya Jumamosi, ushike gita lako. Kama hasira bado zimekujaa, geuza, rudi zako, sitauliza. Zikipungua hata chembe, njoo, na ukifika ukae upande wangu wa kushoto. Sikio la kulia limekwisha, na sitaki linipite hata neno moja katika utakayoniambia.

Ni mimi bibi yako,
mwenye mkono mzito.