Rimu Yako Imerudi Kutoka Kanisani

Mpendwa Baba Mwende,

Jana kanisa letu hapa Kilungu lilipata kengele ya kweli, ya shaba, na leo vijana wawili wameniletea rimu yako ya gari. Mmoja aliibeba begani, mwingine alibeba salamu za wazee. Nimewapa chai wakaenda. Nimebaki nayo hapa mlangoni, nikaona nikuandikie, maana hakuna mwingine wa kumwambia haya. Mwende alikuwa darasa la pili ulipoondoka. Sasa yeye ndiye anayefundisha darasa la pili.

Unakumbuka ulivyolileta lile gari? Ilikuwa miaka ya themanini, ukinunua ndengu Kyuso na kuziuza katika duka lako la Kabati, nyumbani ukija Jumamosi. Wenzako wakishika pesa walinunua pikapu. Wewe ukanunua gari la mbio la milango miwili kutoka kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao, gari jekundu lisilokuwa hata na gurudumu la spea. Lilikuwa chini sana, mama yako akakataa kulipanda. Alisema hawezi kukaa kama mtu anayechambua mboga. Ulicheka mpaka ukakohoa. Nilikupenda ukicheka hivyo, na ninasema wazi, gari lenyewe pia nililipenda. Wanawake wa hapa waliniangalia nikishuka, na mimi nilishuka polepole.

Kama ungeliacha lilivyokuwa, labda ningekuwa nakufokea badala ya kukuandikia. Lakini kila Pasaka uliyaona magari ya mashindano yakipita barabara ya Mombasa, na macho yako yalikuwa kwenye magurudumu tu. Rimu za chuma za inchi kumi na tatu zikaanza kukuaibisha. Ukataka za aloi, zile nyeupe zinazong'aa, na wiki nzima hukuwa na hadithi nyingine: gari livae kumi na nne au kumi na tano?

Ile jioni ulinifundisha jikoni kwa sufuria yangu na ngata ninayobebea mtungi.

"Hii sufuria ni rimu, hii ngata ni tairi," ulisema. "Rimu ikiwa kubwa, lazima tairi iwe nyembamba, ndio gurudumu libaki na urefu ule ule. Ama litasugua madigadi nikikata kona."

"Sasa kwa mawe ya Kyuso, ngata ikiwa nyembamba, nani ataumia?"

"Mama Mwende, mimi siendeshi juu ya mawe. Naendesha katikati ya mawe."

"Basi weka hiyo kumi na nne."

"Kumi na nne ni ya mtu anaogopa."

Ukaweka kumi na tano. Fundi wako wa Kabati akasema gari sasa limevaa suti, na ninyi wawili mkalizunguka mkilisifu kama bibi harusi. Tairi zilikuwa nyembamba kama chapati. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa na furaha, na furaha yako ilikuwa inajaza nyumba.

Zile za chuma ulizipanga stoo. Halafu ikaja Jumapili ya mavuno. Watu walileta mahindi, kuku, maembe. Wewe uliingia na rimu moja umeipaka rangi ya fedha, ukasimama mbele ukasema kanisa la Mungu haliwezi kuita watu kwa kupiga kipande cha reli. Watu walipiga makofi. Iliangikwa kwenye mkaratusi siku hiyo hiyo, na ilipogongwa ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Uliniangalia kuona kama nimesikia.

Mvua ilipokuja, barabara ya Kyuso ikaota mashimo. Ukagonga moja, na rimu ya mbele ikapasuka. Ile ya chuma ingepinda tu, fundi angeipiga nyundo ukaendelea na safari. Ya aloi haijui kupinda. Fundi akaichoma kwa gesi, akaipiga msasa, akasema iko sawa. Nilipitisha kidole pale nikahisi uvimbe, kama mfupa ulioungwa vibaya.

Nikakwambia urudishe zile za zamani. Ukasema ziko tatu, na gari haliwezi kuvaa tatu za kumi na tatu na moja ya kumi na tano. Ya nne ilikuwa kanisani.

Nilikwenda kwa pasta mwenyewe, bila kukuuliza. Hakufikiria hata kidogo.

"Mama Mwende, chukua tu," alisema. "Mungu hana gari. Sisi tutagonga reli tena."

Nilikuja nikikimbia kukuambia, na wewe ukanikasirikia mbele ya mtoto.

"Unataka watu waseme nimepea Mungu kitu halafu nikamnyang'anya? Si walinipigia makofi? Mwisho wa mwezi nitapita Nairobi nitafute ingine. Wacha hiyo maneno."

Nikaiacha. Ungefanya nini na mtu wa namna hiyo?

Ilikuwa Jumatano. Nilikuwa shambani nachuma machungwa na Mwende ameketi chini akihesabu yaliyoanguka, nikasikia kengele. Kengele ya katikati ya wiki hapa ni ya msiba, unajua. Nikasimama nikijiuliza nani jamani, nikawafikiria wazee wote wanaougua, nikamwonea huruma mke wa mtu. Niliisikiliza rimu yako mpaka ikanyamaza, na nikarudi kuchuma. Halafu nikawaona pasta na wazee wakishuka njia ya kwetu.

Rimu iliachia pale palipochomwa, ukiteremka mlima na kona iko mbele. Walisema hukuteseka. Kila mtu huambiwa hivyo.

Nimekukasirikia miaka yote hii, Baba Mwende. Kila Jumapili umeniita kanisani kwa kitu ambacho kingekuleta nyumbani, na kila Jumapili nimekwenda, nikakaa, nikaimba. Watu wanadhani mimi ni mwenye imani sana. Nilikuwa nakuja kukusikia.

Sasa hata hilo limekwisha. Hiyo ya shaba ina sauti nzuri, lakini haijui jina langu.

Jua linazama. Nimeibeba mpaka stoo na kuiweka juu ya zile tatu. Zimeenea vizuri, Baba Mwende. Zimetimia nne, zote za kumi na tatu, zote nzima. Unaweza kuzifunga hata kesho.

Lala salama,
mke wako,
Mama Mwende