Maji ya Nazareti

Stafford, 6 Januari 2019

Mwanangu Carmen,

Hujambo? Mimi mzima, kama anavyopaswa kuwa mzima mtu ambaye akipiga chafya hoteli nzima ya Houston inafungwa.

Sasa kaa chini. Wakubwa wa hoteli wameketi, wametazamana, wakaona hakuna mwingine: wananituma Nazareti. Kwa Bwana Yesu mwenyewe! Ndege, chumba, chai ya asubuhi, vyote juu yao. Jumapili nilisimama kanisani nikatangaza, padri akapiga makofi. Mama yako nimemwahidi chupa ya maji ya kule alikoteka Bikira Maria. Alilia kwenye simu. Anasema akiyapaka tu kwenye goti, atakubali ile operesheni anayoikimbia. Umeona? Madaktari wa Dallas wameshindwa, dada yangu kanisikia mimi.

Nakutumia kopi ya karatasi ya safari. Wameandika Nazaré, herufi za mwisho zimeliwa na mashine.

Mjomba wako Tharcisse,
Mkuu wa Mashuka Yote

Richardson, 13 Januari 2019

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, baridi tu imetushika masikio. Mama huko DeSoto anakusalimu. Siku hizi anapanda ngazi kwa makalio, lakini anaimba.

Mjomba, mashine haikula kitu. Nazaré iko Ureno. Ni mji wa wavuvi, nime-google mpaka saa za kazi zikaisha. Watu wanatoka kila pembe kwenda kuteleza kwa ubao juu ya mawimbi marefu kuliko hoteli yako. Na Généreuse wa mapokezi hotelini kwenu ameniambia safari uliishinda kwenye bahati nasibu ya Krismasi, basi tuyaache hayo.

Shida ni Mama. Operesheni ni tarehe 4 Machi. Akisikia si Nazareti atarudi nyuma kama mwaka jana, na daktari anasema goti haliwezi kungoja tena. Lakini kumdanganya siwezi, na wewe usithubutu kununua chupa ya maji airport. Nenda, angalia vizuri, uniandikie ulichokiona. Sasa hata mimi nina hamu: kwa nini wavuvi wa Ureno waite mji wao hivyo?

Mpwa wako,
Carmen

Nazaré, 12 Februari 2019

Carmen mwanangu,

Habari za huko? Goti la dada yangu je? Hapa upepo unapiga makofi usoni, lakini mimi nimekulia Rumonge, ziwani. Upepo ni ndugu yangu.

Wimbi nimeliona. Tulisimama juu ya jabali, kwenye mnara wa taa. Linaanza kama mkunjo wa shuka. Halafu linainuka, linainuka, unajiuliza litachoka saa ngapi, na mgongoni kwake kuna mtu, mdogo kama chawa, anateremka na ubao! Pikipiki ya majini inamvuta kumpeleka, nyingine inakuja kumwokota. Nikamuuliza mmoja wao kama wanahitaji mwalimu. Akawasha pikipiki akaondoka. Nadhani aliogopa ushindani.

Lakini mambo yako ufukweni. Wanawake wanapasua samaki na kuwaanika juani kwenye vichanja, vilevile kama ndagala wetu, dagaa wa ziwani! Nilinusa mpaka machozi yakanitoka. Bibi mmoja, kavaa sketi saba, moja juu ya nyingine, akanipa kiti. Na lugha? Wareno wanasema Kiswahili kibovu! Meza ni meza. Leso wanaiita lenso. Nikamuuliza kwa Kifaransa changu na mikono: kwa nini Nazaré? Akanionyesha kanisa juu ya jabali. Wenyewe wanasimulia kwamba zamani sana mtawa mmoja aliitoa Nazareti yenyewe sanamu ya Bikira Maria, ikapita nchi hii na ile ikikimbizwa vita, ikaishia hapa. Mji ukachukua jina. Mwambie mama yako hivyohivyo, usiongeze. Kuongeza niachie mimi.

Maji nimeyateka baharini, peke yangu, katikati ya mawimbi mawili.

Mjomba wako shujaa,
Tharcisse

Richardson, 10 Machi 2019

Mjomba,

Shikamoo, na asante kwa chupa. Nilimsomea Mama barua yako, na neno Ureno sikulificha. Akavuta blanketi akafunika goti. Nikajua basi, imekwisha. Halafu akauliza, "Kwa hiyo Bikira naye alikimbia vita, akapewa risetomenti, nchi mpya ya kukaa, kama sisi?"

Nikasema ndivyo wanavyosimulia.

Alicheka mpaka akashika goti. "Basi huyo ananijua. Lete hayo maji."

Akajipaka usiku ule. Asubuhi hospitalini nesi Kathure akauliza nani kaleta dagaa. Operesheni imekwenda salama, sasa anatembea na fremu na kumtukana kila anayemshika mkono.

Ana ombi moja. Akipona anataka umpeleke Galveston, uingie baharini umwonyeshe ulivyosimama katikati ya mawimbi mawili. Amealika kwaya nzima.

Mpwa wako,
Carmen

Stafford, 17 Machi 2019

Mpwa wangu Carmen,

Mungu ashukuriwe kwa goti. Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia tangu niliposoma neno kwaya. Galveston nitampeleka, na samaki nitanunua mimi. Kwaya ibaki DeSoto.

Ukweli ni huu: kule ufukweni palikuwa na bendera nyekundu, kumbe ni ya kukataza watu kuingia majini. Mimi nimeshika chupa, naelekea majini, bibi wa sketi saba akanipigia kelele: "Bandeira! Bandeira!" Bendera! Nikajua ni sikukuu yao ya taifa. Nikaweka chupa chini, nikavua kofia, nikasimama wima, mkono kifuani, uso baharini. Wimbi likanikuta hivyo. Liliondoka na kofia na kiatu kimoja. Bibi ndiye aliyenikokota, na chupa akaijaza yeye, kwa mkono mmoja, kwa sababu ule mwingine nilikuwa nimeung'ang'ania mimi, na sikuuachia mpaka tulipofika juu kanisani.

Mjomba wako,
Tharcisse